Barua ya Judy na siri iliyotolewa mapema

Jumamosi moja alasiri, katika chumba cha kukodi juu ya duka la vipuri hapa Nakuru, niliwaonyesha vijana 11 filamu ya Alfred Hitchcock iitwayo Vertigo. Ni vijana wanaojifunza kuandika miswada ya filamu. Tulitundika leso mbili dirishani kuzuia jua, tukaweka projekta juu ya kreti ya soda, na kwa zaidi ya saa moja unusu hakuna aliyegusa simu yake. Tukafika pale ambapo Judy Barton anaketi kuandika barua. Kijana mmoja wa Bondeni akajipiga paja kwa kiganja. "Mwalimu, sasa si hapa wameharibu? Mbona wametuambia na picha haijaisha?"

Sikuisimamisha filamu. Lakini swali lake nimelala nalo na kuamka nalo, kwa kuwa hata Hitchcock alipingwa na wenzake kwa hoja hiyohiyo, na kwa sababu naona kwamba kulijibu vizuri kungewasaidia waandishi wetu kuliko kamera mpya.

Kwa asiyeijua filamu hii, nitakisimulia kisa chote pamoja na siri yake. Ilitoka mwaka 1958, na jina lake maana yake ni kizunguzungu. James Stewart anaigiza mpelelezi wa polisi wa San Francisco, John Ferguson, ambaye marafiki humwita Scottie. Katika dakika za kwanza anamkimbiza mhalifu juu ya mapaa, anateleza, ananing'inia kwenye mfereji wa maji ya mvua. Polisi mwenzake anarudi kumnyoshea mkono, na huyo mwenzake ndiye anayeanguka na kufa. Tangu siku hiyo Scottie hawezi kusimama mahali pa juu. Anaacha kazi. Rafiki wa siku za chuo, tajiri wa meli aitwaye Gavin Elster, anamwomba amfuatilie mkewe Madeleine. Anadai mke huyo amepagawa na mzimu wa bibi yake wa kale, Carlotta Valdes, aliyejiua mwaka 1857.

Scottie anamfuata Madeleine hadi kwenye kaburi la Carlotta, hadi kwenye jumba la sanaa palipo na picha yake, hadi ukingo wa ghuba ambako mwanamke anajitosa majini naye anamwopoa. Anampenda. Kisha, katika misheni ya San Juan Bautista, Madeleine anakimbilia ngazi za mnara wa kanisa. Scottie anamfuata, kizunguzungu kinamshika, anakwama katikati, na kupitia dirisha anaona mwili ukipita kuelekea chini. Anapata wazimu wa majonzi, analazwa, anatoka. Siku moja barabarani anamwona msichana anayefanana na marehemu. Ni Judy, mfanyakazi wa duka aliyetoka Kansas. Anamfuata hadi hotelini kwake, anamwomba watoke pamoja kwa chakula cha jioni, anaondoka ili ampe nafasi ya kujiandaa.

Mlango unafungwa. Judy anageuka na kututazama sisi, usoni kabisa. Mbinu rejeshi inaturudisha juu ya mnara, safari hii kwa ndani. Elster alikuwa akingoja huko, mkewe wa kweli mikononi mwake, ameshakufa. Judy, aliyevaa kama Madeleine, anafika juu mbio. Elster anautupa mwili, anamziba Judy mdomo. Mwanamke tuliyemlilia hakuwahi kuwapo. Alikuwa msichana wa duka aliyelipwa aigize, na Scottie alichaguliwa kwa sababu ya ugonjwa wake, ili awe shahidi kwamba mke wa tajiri alijiua. Judy anaandika yote hayo kwenye barua, anaisoma, anaichana.

Filamu imebakiza kama nusu saa.

Vertigo ilitokana na riwaya ya Kifaransa ya mwaka 1954, D'entre les morts, ya Pierre Boileau na Thomas Narcejac. Riwaya hiyo inaficha siri hadi kurasa za mwisho, kama ilivyo desturi. Hitchcock na mwandishi wake wa muswada, Samuel Taylor, waliitoa mapema. Watu waliomzunguka hawakupenda, na onyesho hilo la barua lilikaribia kuondolewa kabla filamu haijatoka. Hitchcock alikuwa na hoja yake, aliyomweleza mwongozaji wa Ufaransa François Truffaut katika mazungumzo yao marefu ya mwaka 1962. Watu wawili wamekaa mezani wanazungumza. Chini ya meza kuna bomu. Mtazamaji asipojua, bomu likilipuka atashtuka kwa sekunde 15. Akijua, na saa ukutani inaenda, mazungumzo yaleyale ya kipuuzi yatamkosesha pumzi kwa dakika 15.

Niliwafafanulia vijana wangu kwa barabara wanayoijua. Kila mtu wa Nakuru anaujua mteremko wa Sachangwan kushuka Salgaa, na wengi wetu tuna jina la mtu tuliyempoteza pale. Matatu inatoka Mau Summit na abiria 14. Mama mmoja amepakata kuku, kondakta anabishana na mwanafunzi juu ya chenji ya shilingi kumi. Ukiniletea trela kutoka nyuma ghafla, nitaruka kitini, basi. Lakini tuseme dakika kumi kabla ya hapo umenionyesha dereva wa trela akikanyaga breki, na pedali ikazama hadi sakafuni bila kushika. Sasa ile shilingi kumi imekuwa kitu kingine. Mpe chenji yake, washuke! Kila neno la kondakta linanichoma. Matatu ileile, abiria walewale, na mwandishi hakuongeza mtu wala risasi. Alihamisha habari moja tu kutoka mwisho kuileta mwanzo.

Shuleni hili tunaliita taharuki. Mwanafunzi wa kidato cha nne anaweza kukutajia taharuki, mbinu rejeshi, kinaya na sadfa bila kuvuta pumzi, kwa sababu mtihani humtaka ataje na kueleza. Ninachosikitikia ni kwamba tumezifundisha mbinu hizi kama vikorombwezo vya kuokotwa ndani ya kitabu na kupangwa mezani. Taharuki ni pengo kati ya anachojua mtazamaji na anachojua mhusika. Ukitaka kuiona, chukua daftari uandike, onyesho kwa onyesho, nani anajua nini. Fanya hivyo kwa Vertigo na mifupa ya filamu itajitokeza yenyewe.

Kwa saa moja unusu ya mwanzo, Judy na Elster wanajua, sisi na Scottie hatujui. Kamera haitoki begani mwa Scottie. Tunakaa garini mwake, tunaifuata ile Jaguar ya kijani kushuka na kupanda mitaa ya San Francisco kwa dakika nyingi bila mazungumzo, hadi tunakuwa wafuatiliaji kama yeye. Baada ya barua, Judy na sisi tunajua, Scottie hajui. Kisha, katika dakika za mwishomwisho, Judy amevaa vizuri kwa ajili ya chakula cha jioni, anamwomba Scottie amfungie mkufu. Scottie anatazama kiooni na kuutambua: ni mkufu wa Carlotta, ule wa kwenye picha. Sasa Scottie na sisi tunajua, na Judy hajui kwamba Scottie anajua. Anaingia garini akidhani wanakwenda kula, na taratibu anaona kwamba wanaelekea San Juan Bautista.

Pengo halikuzibwa. Limehama kutoka mabega ya mmoja hadi ya mwingine, na kila lilipohama, sisi tulibaki na mzigo. Hadi hivi leo sijaona muundo uliosukwa kwa uangalifu zaidi ya huu katika filamu za aina yake. Na angalia kwamba mhimili wake wote ni ile barua. Iondoe, na zile hatua mbili za mwisho haziwezekani.

Katika vibanda vya video vya Rhonda na Kaptembwo, mhusika mkuu huitwa stelingi, na kila mtazamaji anajua kuwa stelingi ndiye wa kufuatwa, stelingi hafi mapema. Hitchcock alifanya jambo ambalo wachache wamelithubutu: alibadilisha stelingi katikati ya safari. Miaka miwili baadaye, katika Psycho ya 1960, alilifanya kwa kisu, akamuua mwanamke tuliyemfuata tangu mwanzo kabla filamu haijafika nusu. Katika Vertigo alilifanya kwa jicho. Judy anapogeuka na kututazama, hadithi inamhama Scottie. Mwili wa James Stewart bado umo kwenye kioo, jina lake ndilo la kwanza kwenye bango, lakini moyo wetu umekwenda kukaa na msichana wa duka.

Hapo ndipo inapokuja sehemu ninayotaka tuitazame kwa karibu, kwa sababu ndiyo iliyomjibu kijana wa Bondeni kuliko mimi.

Scottie anaanza kumgeuza Judy awe Madeleine. Anampeleka dukani na kutaka suti ya kijivu, ileile, kwa kila kipimo. Wauzaji wanaleta moja, siyo. Wanaleta nyingine, siyo. Judy ameketi pembeni, anaona anachotafutiwa, anakataa, anasihi, anasema haitaki. Scottie hasikii. Anataka viatu. Kisha anataka nywele zipakwe rangi ya dhahabu. Judy anamwuliza kwa sauti ya kuvunjika kama, akikubali, atampenda. Anakubali. Anarudi kutoka saluni, nywele ni za dhahabu lakini ameziachilia. Scottie haridhiki: zifungwe kwa nyuma, kama za yule. Judy anaingia bafuni. Scottie anangoja, mgongo kwetu, taa ya kijani ya bango la hoteli ikimwagika dirishani. Mlango unafunguka na Judy anatoka ndani ya ukungu wa kijani, kama mtu anayetoka kaburini, na uso wa Scottie unafanya jambo ambalo siwezi kulieleza ila kwa kusema kwamba ni uso wa mtu aliyejibiwa dua asiyopaswa kuiomba.

Sasa jiulize tungeona nini bila barua. Tungekuwa upande wa Scottie tukipiga bongo: ni yeye au siye? Tungekuwa na fumbo la kufumbua, na Judy angekuwa kipande cha fumbo. Lakini tumeshajua. Kwa hiyo tunamwona mwanamke anayejua kwamba kila vazi analokubali kuvaa kwa ajili ya kupendwa ni ushahidi dhidi yake. Suti ya kijivu ni mapenzi na ni hati ya mashtaka. Viatu vivyo hivyo. Nywele vivyo hivyo. Na tunamwona mwanamume tuliyemhurumia kwa saa nzima akigeuka kuwa mtu wa kuogofya, bila kubadilika hata chembe. Amekuwa vile tangu mwanzo, sisi ndio hatukuwa na mahali pa kusimama tumwone.

Katika onyesho la bafuni, chumba chetu juu ya duka la vipuri kilikuwa kimya kiasi kwamba nilisikia feni ya projekta. Kijana wa Bondeni alikuwa ameshika kichwa kwa mikono miwili. "Aende zake tu," alisema kwa sauti ya chini. "Huyu dada aende zake." Alikuwa anamwombea mwanamke aliyeshiriki katika njama ya mauaji. Barua ndiyo iliyomfikisha pale.

Watu huniambia kwamba ufundi huu ni wa kigeni, kwamba watazamaji wetu wanataka kushtuliwa. Sikubali. Waliolelewa na nyanya katika nyanda hizi wanaikumbuka ngano ya msichana aliyependa kijana mtanashati ngomani, kumbe kijana ni zimwi, ana mdomo wa pili kisogoni uliofichwa na nywele. Nyanya hangoji mwisho kukuambia juu ya ule mdomo. Anakuambia mapema, kisha anamwacha msichana afunge safari kuelekea kwa mchumba wake, mto kwa mto, kilima kwa kilima, na wewe mtoto unataka kumfokea arudi nyumbani. Na wasimulizi wa sinema kama DJ Afro, waliozipa filamu za ng'ambo Kiswahili cha mtaani, wamekuwa wakikonyeza watazamaji kwa namna hiyohiyo: stelingi bado hajui, sisi tunajua. Hakuna anayetoka nje kudai pesa zake. Watu husogeza mabenchi mbele.

Hata mzimu wa Carlotta si mgeni kwetu. Mwaka 1960, miaka miwili tu baada ya Vertigo, Mohamed Said Abdulla wa Zanzibar alichapisha Mzimu wa Watu wa Kale, riwaya iliyomtambulisha Bwana Msa, mpelelezi wa kiko na fikra nyingi. Humo pia kuna kifo ambacho watu wako tayari kukisukumia wafu, na nyuma ya mzimu yupo mtu aliye hai mwenye sababu zake. Wasanii hao wawili, mmoja Zanzibar na mwingine Hollywood, walichimba kisima kimoja: imani ya watu juu ya wafu ni pazia zuri kwa muuaji. Lakini Abdulla alifuata njia ya Sherlock Holmes. Bwana Msa anajua, mwandani wake Najum hajui, nasi tunakaa na Najum hadi Msa atakapoamua kutufungulia mwishoni. Ni utamu wa akili, na ninaupenda. Nimemsoma Bwana Msa tangu nikiwa mvulana. Tofauti ni kwamba nikimrudia, narudia kwa ajili ya lugha na ucheshi wake. Siri yenyewe imekwishatumika, kama njiti ya kiberiti.

Vertigo inarudiwa kwa sababu siri haikuwa mafuta yake. Ilipotoka haikupokelewa kwa shangwe. Kwa miaka mingi Hitchcock aliizuia isionyeshwe, pamoja na filamu nyingine nne alizomiliki, na ni baada ya kifo chake mwaka 1980 ndipo zilipotolewa tena. Mwaka 2012, jarida la Sight and Sound la Uingereza lilipowauliza wahakiki wa dunia filamu iliyo bora kuliko zote, waliichagua Vertigo, wakaishusha Citizen Kane iliyokuwa imeshika nafasi ya kwanza tangu 1962. Mwaka 2022 ilishuka hadi ya pili, nyuma ya Jeanne Dielman ya Chantal Akerman. Waliopiga kura hizo wote walikuwa wakijua mkufu ni wa nani.

Ina kasoro, nami sitazificha. Hatuonyeshwi kamwe jinsi Scottie alivyookolewa kutoka kwenye ule mfereji. Njama ya Elster inategemea mtu kukwama ngazini, jambo ambalo hakuna muuaji mwenye busara angeliwekea dau. Kikao cha uchunguzi wa kifo ni kirefu kuliko kinavyostahili. Na kuna Midge, rafiki wa Scottie, mchoraji wa nguo za ndani za matangazo, mtu mwenye akili timamu kuliko wote. Anatoka hospitalini akitembea kwenye korido ndefu inayofifia, na filamu hairudi kwake tena. Kila nikiitazama humkosa. Lakini naelewa kwa nini aliondolewa: Midge angemtambua Judy kwa siku moja.

Na hizo kasoro nyingine, mbona hazituudhi? Hapa pia barua inafanya kazi. Siri ikitolewa mwisho, mtazamaji anatoka ukumbini akiwa na kikokotoo: je, ingewezekana? angejuaje? mlango ulikuwa wazi? Siri ikitolewa mapema hana nafasi ya kukokotoa, maana ameshakabidhiwa wasiwasi mwingine mkubwa zaidi.

Nimezitazama filamu zetu nyingi za taharuki katika miaka ya karibuni, kwa furaha, maana nakumbuka wakati ambapo hapakuwa na hata moja. 40 Sticks ya mwaka 2020, iliyoongozwa na Victor Gatonye, ina wazo lenye nguvu: basi la wafungwa linapata ajali msituni usiku wa mvua, na kuna muuaji gizani. Giza limepigwa picha vizuri na waigizaji wanajua kazi yao. Lakini imewekeza karibu kila kitu katika swali la ni nani, na swali hilo likishajibiwa sikuona kilichonivuta kurudi. Siilaumu filamu hiyo peke yake. Ndiyo tabia ya miswada ninayoletewa karibu kila mwezi: mwandishi ameishika siri kifuani kama mtu aliyebeba pesa kwenye stendi ya matatu, anaogopa hata kututazama.

Kati Kati ya Mbithi Masya, ya mwaka 2016, ilikwenda njia nyingine, na nadhani ndiyo sababu ilizawadiwa na wahakiki wa kimataifa katika tamasha la Toronto mwaka huohuo. Kaleche anaamka nyikani akiwa na gauni la hospitali, hakumbuki lolote, anaona nyumba za wageni na watu waliostarehe. Mwandishi wa kawaida angetuficha hadi mwisho kwamba watu hao wamekufa. Masya na mwandishi mwenzake Mugambi Nthiga hawakungoja. Tunaambiwa mapema, pamoja na Kaleche, na mara moja swali linageuka. Halihusu tena mahali hapa ni wapi. Linahusu kila mmoja alifanya nini alipokuwa hai, na kwa nini hawezi kuondoka. Mmoja wao amebeba hatia ya ghasia za baada ya uchaguzi. Mtu wa Nakuru, aliyekuwa hapa Januari 2008, hahitaji kuelezwa kwa nini onyesho hilo linakaa mwilini kuliko pembe ya zimwi yeyote. Ni kisa cha watu wanaojua, na wanaojifanya hawajui.

Nirudi kwa kijana wangu wa Bondeni, maana ana muswada wake, na ameniruhusu niuzungumzie. Kisa chake kiko kwenye shimo la Menengai. Aliyewahi kusimama kwenye ukingo wa shimo lile, mita mia kadhaa za ukuta chini yake, mvuke ukitoka kwenye mawe meusi, anajua kile Hitchcock alichokitafuta kwenye ngazi za mnara. Hitchcock alitengeneza mfano mdogo wa ngazi, akaulaza ubavu, kamera ikarudi nyuma kwenye reli huku lenzi ikivuta mbele, ili chini paonekane panakimbia na panakuja kwa wakati mmoja. Picha hizo za sekunde chache ziligharimu dola 19,000. Menengai tunaipata bure, na tunayo pia mizimu yake. Wazee wa jamii za hapa wamelisimulia shimo lile kama makao ya roho tangu kabla ya mji kuwapo, na hadi leo watu hushuka kwenye mapango yake kuomba.

Katika muswada wake, kijana mmoja wa Bahati anapotea. Watu wanasema amechukuliwa na roho za shimo. Nduguye anatafuta, anahojiana na wazee, anashuka mapangoni. Ukurasa wa 88 tunagundua kwamba binamu yao alimsukuma kwa sababu ya shamba la babu, ekari tatu ambazo hati yake haijawahi kugawanywa. Ni kisa kizuri, na ekari tatu ni sababu ambayo kila mkazi wa kaunti hii anaielewa bila maelezo. Lakini nilipofika ukurasa wa 88 nilishtuka, nikasema ahaa, nikaufunga.

Baada ya Vertigo nilimwomba ajaribu kitu kimoja. Asiongeze wahusika, asiongeze damu. Achukue onyesho la ukingoni alihamishe.

Alirudi baada ya wiki tatu. Katika muswada kulikuwa na onyesho ambalo lilikuwapo tangu mwanzo na ambalo sikuwahi kulitilia maanani. Mama wa aliyepotea ameketi jikoni. Binamu anaingia na maziwa kutoka kwa jirani, anachochea moto, anamchemshia chai. Anaikoroga kwa utaratibu, anaipooza kwa kuimimina kutoka kikombe hiki hadi kile, mara tatu, kwa sababu anajua shangazi yake hanywi ya moto. "Kunywa, shangazi. Utapata nguvu." Mama anamshukuru Mungu kwamba hata mmoja akipotea, amebakishiwa mtoto mwingine. Hakuna neno lililobadilishwa. Katika muswada wa kwanza lilikuwa onyesho la kupitisha wakati. Sasa nililisoma nimesimama.

Muswada huo una kurasa 92, na siri inatoka ukurasa wa 33. Hauna mtayarishaji bado. Wenye kamera na wenye fedha mliopo Nairobi, njooni Nakuru muusome.